Umetua Dodoma, sasa unafikaje unakokwenda? Usiulize umbali, uliza barabara

Mbukwenyi wakuu. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa wageni wa mikutano hapa Dodoma, yaani nani anatua saa ngapi, anapokelewa na nani, analala wapi na asubuhi anapelekwa ukumbi gani. Swali linalokuja kila mara kwenye simu ni lile lile, "eti uwanja wa ndege uko mbali na mji?" Hauko mbali. Uko ndani ya mji kabisa, Makole, Area C na Area D ni majirani zake, na mtu mwenye begi la mgongoni tu anaweza kutoka getini akatembea taratibu mpaka katikati ya mji kama jua halijawa kali. Ila jibu hilo ndilo linalowaponza wageni, kwa sababu wakishasikia uwanja uko mjini wanadhani kila kitu Dodoma kiko karibu na uwanja, halafu anashuka saa 2:30 asubuhi na kikao chake Mtumba, huko nje kwenye Mji wa Serikali, kinaanza saa 3 kamili, anaanza kunipigia simu huku anahema.

Mji huu umetanuka kufuata barabara zake kubwa nne, na kila mgeni anatakiwa ajue anakokwenda kuko kwenye barabara ipi kabla hata hajakata tiketi. Ya kwanza ni barabara ya Dar es Salaam, hii ndiyo yenye Bunge, halafu ukisogea unakuta Nanenane pale Nzuguni penye stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, mbele Ihumwa, kisha Mtumba kwenye Mji wa Serikali ambako ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, na ukiendelea unafika Chamwino. Ya pili ni ya Arusha, inapita Miyuji, Msalato, Veyula, Makutupora mpaka Kondoa na Babati. Ya tatu ni ya Singida, upande wa Kizota, Nkuhungu na Nala. Ya nne ni ya Iringa kupitia Mtera. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Hospitali ya Benjamin Mkapa wao wako milimani kusini mashariki ya mji, na huko napo siyo pa kukadiria kwa macho, unayaona majengo yale kwa mbali unasema ah pale tu, kumbe bado safari ipo.

Kwa hiyo mtu akiniambia anakuja Dodoma namuuliza kwanza, unakwenda barabara gani? Akisema Area C au mjini, namwambia usihangaike, shuka chukua bajaji. Akisema Mtumba, hapo tunakaa chini tunapanga vizuri.

Tuanze na bajaji maana ndiyo usafiri wa Dodoma hasa. Inabeba abiria watatu nyuma, na nyuma ya kiti kuna nafasi ya mzigo ambayo wageni wengi hawaijui, begi dogo lile la kuingia nalo kwenye ndege linaingia pale vizuri. Sanduku kubwa haliingii, litakaa miguuni au juu ya kiti, kwa hiyo watu wawili wenye masanduku makubwa mawili hao tayari wameijaza bajaji, wasijaribu kumwongeza mwenzao wa tatu. Kiangazi, hasa ule upepo wa mwezi wa 7 na wa 8, vumbi linaingia pande zote mbili, kama umevaa suti ya kikao na laptopu yako iko kwenye mfuko wa wazi, funga kila kitu kabla dereva hajaondoka. Masika mwambie ateremshe maturubai ya pembeni kabla mvua haijaanza, ikishaanza mmeshalowa.

Ila bajaji mimi siipendekezi kwenda Mtumba. Siyo kwamba haifiki, inafika, lakini barabara ya Dar ndiyo ile ile inayobeba malori yanayotoka bandarini kwenda Singida na kuendelea mpaka Rwanda, Burundi na Kongo, na lori lenye trela likikupita kwa kasi ukiwa kwenye bajaji unausikia ule upepo unavyoisukuma pembeni. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayozunguka mji kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, imebuniwa ili hayo malori yasilazimike kukatiza mjini, na mimi nasema itaokoa maisha ya watu wengi kuliko tunavyofikiria. Mgeni wangu wa Mtumba anapanda gari. Wakiwa wengi nakodi Coaster au Noah kabisa tangu siku moja kabla.

Bodaboda inafaa kwa mtu mmoja asiye na mzigo, mwenye haraka, mchana. Dereva ataliweka begi mbele yake juu ya tangi na utaona ni kawaida tu, lakini angalia, begi pana linamzuia kukata kona vizuri. Muombe helmeti yako wewe abiria, siyo yake yeye peke yake. Kama hana, mwache, mchukue mwingine. Hapo huwa sina mjadala na mtu yeyote, hata awe mkubwa wangu.

Teksi zinakuwepo uwanjani ndege ikitua, na siku hizi zipo pia programu za kuita gari kwa simu, zinasaidia sana kujua bei kabla hujaongea na mtu. Hata kama hutaita gari la kwenye programu, fungua, andika unakokwenda, uone bei inayotajwa, kisha ndiyo uongee na dereva aliye mbele yako. Mazungumzo yenyewe yanakwenda hivi:

"Karibu bosi, gari hili hapa."
"Asante kaka, Ilazo unanipeleka shilingi ngapi?"
"Ilazo sehemu gani?"

Hapo ndipo pa kuwa makini. Ukimjibu "sijui, ni hoteli fulani hivi," bei inapanda, siyo kwa ubaya, ni kwamba yeye naye anajilinda asije akazungushwa mitaani kutafuta geti. Mpigie mwenyeji wako simu, mpe dereva waongee wenyewe, waelewane kituo na alama, ndipo mtaje bei. Mitaa mingi mipya ya Dodoma ina barabara za vumbi na ramani za kwenye simu zinampeleka dereva kwenye korongo. Sauti ya mwenyeji ndiyo ramani.

Nauli sitaziandika hapa kwa sababu EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nauli za mtaani zinafuata huko, leo nikiandika namba mwezi ujao mtu anagombana na dereva kwa ajili yangu. Mpigie mtu wa mapokezi wa hoteli yako, muulize "kutoka uwanjani watu wanalipa ngapi wiki hii?" Atakuambia.

Daladala zipo ila kwa abiria wa ndege zina kazi moja tu, mgeni asiye na mzigo na asiye na haraka. Unatoka uwanjani, unasogea mjini, unapanda pale Sabasaba au Jamatini kutegemea unakokwenda, unauliza konda kwa sauti usione aibu. Wanafunzi wa UDOM na wanaokwenda Nanenane kuunganisha basi la Iringa au Singida wanafanya hivyo kila siku na wanafika.

Sasa kuna jambo wageni hawalioni, nalo ni ndege yenyewe. Airbus A220 ya Air Tanzania ina viti 132, Q400 ina viti 76. Ikitua hiyo kubwa imejaa, watu zaidi ya mia wanatoka kwenye mlango mmoja karibu dakika zile zile, magari yaliyopo yanachukuliwa na wa kwanza, na wewe uliyesubiri sanduku unatoka nje unakuta kweupe. Zidisha hapo na msimu wa Bunge la Bajeti, kuanzia mwezi wa 4 mpaka mwisho wa mwezi wa 6, wabunge, wakurugenzi, waandishi, wadau wa kila wizara wote wako hapa, hoteli zimejaa na madereva wazuri wameshakodiwa kwa wiki nzima. Katika miezi hiyo kupanga gari baada ya kutua ni kuchelewa, panga kabla. Na siku ya kurudi ongeza nusu saa ya msafara, kwa sababu barabara ikifungwa kupisha msafara wa kiongozi haijalishi wewe uko kilomita mbili tu kutoka uwanjani, utasimama kama wengine na ndege haikusubiri.

Tuje kwenye SGR, yaani reli mpya ya kisasa, maana hii imebadilisha kazi yangu kuliko kitu kingine chochote. Treni ya Dar kuja Dodoma ilianza tarehe 25 Julai 2024 na ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000, na safari ambayo kwa basi unaitenga siku nzima ikawa ya saa chache. Matokeo yake wageni wengi kutoka nje ya nchi siku hizi wanatua Dar, uwanja wa Julius Nyerere, halafu wanakuja kwetu kwa treni, na sisi wa Dodoma tukisafiri nje tunafanya hivyo hivyo kinyumenyume. Kwa hiyo kwa mtu wa Dodoma usafiri wa uwanja wa ndege unaanzia stesheni. Mwambie dereva neno SGR, usiseme "stesheni" tu, maana ya zamani ya reli ya kati ni nyingine na bado watu wanapelekwa huko kimakosa. Beba kitambulisho, wahi, mizigo inakaguliwa na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Ukifika Dar ndiyo kuna siri ambayo nawaambia wageni wangu wote. Stesheni kuu ya SGR iko katikati ya jiji, ukishukia huko itabidi urudi nyuma kwenye barabara ya Nyerere, upite Tazara na foleni yake, ndiyo ufike uwanjani. Lakini reli hiyo hiyo kabla ya kuingia mjini ina kituo Pugu, na kutoka Pugu kwa gari unakuja Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, uwanja huu hapa, bila kuigusa Tazara kabisa. Treni ya haraka, ikiwemo ile ya kichwa kilichochongoka watu wanayoiita Mchongoko, inaruka vituo vidogo, kwa hiyo kabla hujalipia angalia kama treni yako inasimama Pugu na kama ndege yako inakupa muda wa kupanda ile ya kawaida. Na jengo lako la abiria pale uwanjani ulijue mapema, la 3 ndilo la safari za kimataifa, dereva wa Dar atakuuliza hilo kabla hujakaa vizuri.

La mwisho ni Msalato, uwanja mpya wa ndege wa Dodoma, na hili naliandika kwa moyo wote. Rais Samia aliweka jiwe la msingi la uwanja ule tarehe 30 Oktoba 2022, ranwei yake, yaani njia ya ndege kuruka na kutua, ni ya kilomita 3.6, ndefu kuliko ya huu wa mjini, na jengo la abiria limesanifiwa kwa watu milioni 1.5 kwa mwaka. Ni uwanja mkubwa na tunauhitaji. Lakini uko kama kilomita 12 nje ya mji kwenye barabara ya Arusha, na hapo ile raha ya kutoka getini ukatembea mpaka mjini inaisha. Mtu anayekwenda Mtumba atakuwa na barabara ya mzunguko kupitia Veyula, huyo atanufaika. Anayekwenda Area C atakuwa ametoka kwenye safari ya dakika chache akaingia kwenye safari ya teksi, asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Ninachoomba LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na jiji ni daladala ziingie mpaka mlangoni mwa jengo la abiria, zisiishie barabara kuu ya Arusha watu wakaburuta masanduku juani. Na ratiba ianze alfajiri, kwa sababu uwanja una abiria ila una pia mafundi, walinzi, wafanya usafi, wapishi, watu wanaoingia zamu saa 11 wanatoka Chang'ombe na Nkuhungu, hao hawawezi kukodi teksi kila siku. Wawekewe kituo chenye paa na benchi, na kibao cha nauli kinachosomeka. Nimeona viwanja vizuri sana nchi za watu ambavyo konda anaita abiria ndani ya geti na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Msalato utakapoanza kupokea ndege, kwa kipindi fulani watu wataendelea kusema "uwanja wa ndege" wakimaanisha Makole. Soma tiketi yako, mtajie dereva jina la uwanja, na kama unaondoka asubuhi toka nyumbani ukihesabu muda wa Msalato.