Mafuta ya Kwenda Bila ya Kurudi

Nikiwa luteni usu, kwenye zoezi la ramani, nilipewa kazi ya kupanga safari ya kombania moja kutoka Tabora mjini kuelekea magharibi, upande wa Malagarasi. Nikapiga hesabu ya malori, chakula, maji, dawa na redio. Nikachora na mishale mizuri kwa kalamu nyekundu. Mkufunzi aliisoma karatasi yote kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa mafuta, akaniuliza: "Kijana, hawa watarudi kwa miguu?"

Nilikuwa nimeweka mafuta ya kwenda tu. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao kwa aibu. Siku hizi ninapofundisha mipango ya kimkakati naliona kosa lilelile kwenye mipango ya mataifa makubwa, na hapo hakuna anayecheka. Marekani iliingia Baghdad tarehe 9 Aprili 2003, wiki tatu tu tangu vita vianze. Ile mishale ya kwenye ramani ilitimia yote. Tarehe 23 Mei mtawala wao pale, Paul Bremer, akatia saini amri ya kulivunja jeshi la Iraq. Wanaume maelfu kwa maelfu, waliofundishwa kutumia silaha na kujua zilikofichwa, wakarudi nyumbani bila kazi. Vita vilivyofuata vilikuwa virefu kuliko vile vya mwanzo kwa miaka mingi.

Mbinu za kivita zinakufundisha kulishinda pambano. Mkakati unauliza pambano hilo litatuachia nini mlangoni.

Lakini sisi wa Tabora hatuna haja ya kufuata somo hili Baghdad. Tulipopata uhuru Desemba 1961, vikosi vya hapa vya King's African Rifles, jeshi la mkoloni, vilipewa jina jipya, Tanganyika Rifles. Ilikuwa na batalioni mbili: ya kwanza Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, na ya pili hapahapa Tabora. Jina lilibadilika, kamandi ikabaki mikononi mwa maofisa wa Kiingereza, na mshahara wa askari wa kawaida ukabaki wa kunung'unikiwa. Kwa macho ya siku zile uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Nchi ilikuwa maskini, shule na zahanati zilidai pesa, na hapakuwa na jirani aliyetutolea macho. Jeshi lingesubiri. Nami ningekuwepo mezani siku ile, pengine ningenyoosha mkono pamoja na wenzangu.

Halikusubiri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, na siku iliyofuata Tabora nayo ikaasi. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara uongezwe, na Waingereza waondoke ili Waafrika washike uongozi. Hakuna hata moja lililokuwa jipya kwa mtu aliyewahi kunywa chai na askari wale. Serikali ikalazimika kuomba msaada, na tarehe 25 Januari makomandoo wa Uingereza wakatua Colito kwa helikopta, wakawanyang'anya silaha waasi. Nchi yenye miaka miwili ya uhuru ilimwita mkoloni wa jana aje kulituliza jeshi lake yenyewe. Baadaye kikosi cha Nigeria kililetwa kushika zamu ya ulinzi wakati jeshi jingine likijengwa kutoka chini, kwa vijana wa JKT na wa TANU. Tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ ikazaliwa. Mkuu wa Majeshi wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, wakati wa maasi alikuwa kapteni hapa Tabora.

Hata baada ya hapo tuliendelea kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vita vya Kagera hatukuvitaka, tulivamiwa, na Kampala iliangukia mikononi mwetu Aprili 1979. Wananchi tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mtajie mzee yeyote namba hiyo, umwone anavyocheka kwa pua. Foleni za sukari na sabuni zilivuka miezi hiyo zikaingia miaka ya themanini, na wanajeshi wetu walibaki Uganda hadi 1981. Sisemi tungekaa kimya tuvamiwe. Nasema bei ya kukaa baada ya ushindi haikuwekwa mezani pamoja na bei ya risasi.

Kwa nini watu wenye akili hurudia jambo hili? Sehemu kubwa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na fungu lisilotumika kufikia 30 Juni linakuwa lawama. Ofisa aliyeandika mpango hupata uhamisho kabla matunda yake hayajaonekana, matamu au machungu. Halafu kuna sherehe: lori jipya huzinduliwa kwa ngoma, lakini filta na tairi hazikatiwi utepe. Ndiyo maana hotuba ya bajeti ya ulinzi inaposomwa bungeni, mimi husikiliza kwanza matengenezo na makazi ya askari, kisha vifaa vipya. Nawe jaribu siku moja.

Si kwamba hatujawahi kupanga kwa mbali. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipovuka kwa makumi ya maelfu, ilikuwa rahisi kuwagawia mahema na kusubiri hali itulie. Badala yake, huko Ulyankulu, mkoani kwetu, walipewa ardhi wakafyeka pori na kulima. Anayetoa hema anapanga msimu mmoja. Anayetoa shamba amekubali moyoni kwamba wageni huenda wasiondoke kesho, na kwamba mtu mwenye mazao yake hana haraka ya kuokota bunduki. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walitangazwa kuwa raia wa Tanzania. Wajukuu wa wale waliovuka wakiwa na vifurushi kichwani sasa wana umri wa kwenda JKT.