"Kula vizuri" sikukuu kwa mgonjwa wa figo maana yake nini?

Siku ya Idi, shangazi yangu aliletewa dafu kabla hajakaa sawasawa mkekani. Aliyemletea alifanya hivyo kwa mapenzi, maana pwani yote inaaminika kuwa madafu husafisha figo. Shangazi alikuwa na ugonjwa sugu wa figo na alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Kwa mtu wa hali yake, dafu lile lilikuwa hatari kuliko pilau iliyokuwa inapakuliwa.

Hapo ndipo maneno "kula vizuri" yanapogeuka maana. Figo nzima huchuja damu na kutoa kwenye mkojo maji, chumvi na madini yaliyozidi. Ugonjwa huitwa sugu pale kasoro ya figo inapodumu miezi 3 au zaidi, na hupangwa kwa hatua 5. Kwenye hatua ya mwisho, kiwango cha uchujaji huwa chini ya mililita 15 kwa dakika. Kwa hiyo kinachozidi hubaki kwenye damu, hata kama kimetoka kwenye chakula ambacho wengine wote husifiwa wakikila.

Madini yanayotia hofu zaidi ni potasiamu. Kiwango chake cha kawaida katika damu ni kama 3.5 hadi 5.0 milimoli kwa lita, na kikipanda sana moyo hupoteza mapigo yake. Sasa tazama meza ya futari: mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi, maharage, tende na juisi ya parachichi. Vyote vina potasiamu nyingi. Dafu nalo, glasi moja tu yaweza kubeba miligramu 600, zaidi ya ndizi mbivu moja. Wali mweupe, ambao watu wa kisukari huonywa wasiujaze sahani, una potasiamu kidogo. Hata dona tunayoisifu ina potasiamu nyingi kuliko sembe. Ndiyo maana naumia nikisikia mgonjwa akiambiwa "acha wali, kula vyakula vya asili" na mtu asiyejua vipimo vyake vya damu.

Vipimo, kwa kweli, ndivyo vinavyoamua. Aliye hatua za mwanzo, na potasiamu yake iko sawa, mara nyingi hana sababu ya kukimbia matunda na mboga. Asikatazwe vyakula kwa sababu tu jirani mwenye ugonjwa kama wake amekatazwa.

Anayetakiwa kupunguza potasiamu si lazima aikose futari kabisa. Menya muhogo au kiazi, kata vipande vidogo vyembamba, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji yale, kisha weka mengine umalizie kupika. Potasiamu huyeyuka ikaenda na maji. Kuoka na kukaanga hakufanyi hivyo. Tui litiwe kidogo mwishoni, na kipande kiwe cha kuonja. Pilau isiyo na viazi humfaa kuliko biriani, ambayo rojo lake lina nyanya na maziwa mgando. Kachumbari iwe ya kabichi na kitunguu zaidi ya nyanya, na tunda liwe kipande cha nanasi au tufaa.

Chumvi: mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu pia viungo vya mchuzi vya pakiti na magadi ya maharage. Mchotee chakula chake kabla hujakoleza chumvi. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha asizitumie bila kumuuliza daktari, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Kuhusu nyama, familia nyingi hukosea. Ambaye hajaanza kusafishwa damu huambiwa apunguze protini, lakini anayesafishwa huhitaji zaidi, kwa sababu mashine nayo humpotezea protini. Basi mnyime huyo soda nyeusi na soseji, ambazo fosforasi yake, madini yanayotiwa kiwandani, hufyonzwa mwilini karibu yote, lakini msimnyime kuku. Supu ya mifupa aiache. Madini ya nyama yameshukia humo, na ni maji ambayo yataingia kwenye kipimo cha maji anachoruhusiwa kwa siku, pamoja na chai, uji na barafu.

Achari pia ichunguzwe. Birimbi lina oksaleti nyingi, yaani kemikali ya mimea inayoweza kuganda ndani ya figo, na juisi yake imewahi kuharibu hata figo za watu wazima wa afya. Ndugu yake, lile tunda la pembe tano ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, lina sumu inayopanda kwenye ubongo wa mgonjwa wa figo: huanza kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa na degedege, na wapo waliokufa.

Kabla ya sikukuu, ulizeni kituo cha kusafishia damu kitafungwa siku zipi, na mgonjwa apangiwe zamu nyingine mapema. Pengo la siku likirefuka, sahani nayo ipungue. Akihisi miguu haina nguvu, ganzi, au moyo kurukaruka, apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama wageni bado wamekaa.