Je, wajua kwa nini gari la otomatiki likivutwa huunguza giaboksi hata likiwa frii?

Ukisafiri majira ya baridi kwenye barabara kuu za Arizona au Texas, nchini Marekani, utapishana na basi kuukuu lenye mapazia madirishani. Nyuma yake, kwa umbali wa mita moja na ushei, kunafuata kigari kidogo. Magurudumu yake yote manne yako chini, kinakata kona sawasawa na basi, na kwenye usukani hakuna mtu.

Basi hilo ni nyumba ya mtu. Ndani mna kitanda, jiko na choo. Mengi yalianza kazi yakibeba abiria: kampuni ya Greyhound, kwa mfano, ilitumia mabasi ya GM aina ya PD-4104, yaliyoundwa kati ya 1953 na 1960, na yalipostaafishwa watu waliyanunua, wakang'oa viti na kuhamia humo. Kigari ni cha kwendea sokoni, kwa kuwa nyumba yenye urefu wa mita 10 au 12 ikishaunganishwa maji na umeme, huwezi kuitoa tena kwa ajili ya kufuata mkate. Wenyewe hukiita chura. Kwa Kiingereza neno la kitu kilichovutwa na jina la chura hutamkwa sawa, na jina likaganda.

Sasa swali. Kuna vyura wanaovutwa hivyo maelfu ya kilomita, mwaka baada ya mwaka, bila tatizo. Na kuna magari, hasa ya otomatiki, ambayo yakivutwa hivyohivyo giaboksi huungua safari ya kwanza tu, ingawa mwenyewe aliiweka nyutro kabla ya kuondoka. Kwa nini?

Kwa miaka mingi ningekujibu kwamba haiwezekani. Nyutro si ndiyo frii? Neno hilo ndilo lililonipoteza, na naamini limewapoteza wengi. Tunaposema gari liko frii, picha inayokuja kichwani ni ya magurudumu yaliyoachiwa kabisa, hayashikani na chochote, kama pipa linaloviringika. Injini imezimwa, gia haijaingia, basi giaboksi imelala. Kilicholala kitaunguaje?

Kilichonifumbua macho ni mshale wa spidi. Siku moja nilikaa kwenye usukani wa gari la zamani lililokuwa likivutwa kwa kamba kwenda kwa fundi. Injini kimya, gia frii, ufunguo umezungushwa kidogo ili usukani usijifunge. Nikatazama dashibodi, nikaona mshale umesimama kwenye 40. Kwenye magari ya zamani mshale huo huzungushwa na kebo, na kebo hiyo haitoki kwenye gurudumu. Inatoka kwenye giaboksi. Kama mshale unapanda, basi ndani ya giaboksi ninayoiita frii kuna kitu kinazunguka, tena kwa kasi ileile ya safari.

Fuata njia yenyewe kutoka chini. Gurudumu limeshikana na ekseli, ekseli imeshikana na difu (boksi la gia linalogawa mzunguko kwa magurudumu mawili), difu imeshikana na propela, yaani mhimili mrefu unaopita chini ya gari, propela imeshikana na shafti ya kutokea ya giaboksi. Kwenye gari la kuvuta mbele propela haipo, lakini mnyororo wa mambo ni uleule: gurudumu, ekseli, difu, shafti ya giaboksi. Katika njia yote hiyo hakuna mahali palipokatwa. Unapoweka nyutro, mkato unatokea ndani kabisa ya giaboksi, kati ya upande wa injini na upande wa magurudumu. Kilichoachiwa huru ni injini. Upande wa magurudumu haukuachiwa chochote.

Baiskeli inalionyesha hili vizuri. Ukiteremka mlima huku umetuliza miguu, mnyororo umesimama na frii-wili inalia ti-ti-ti-ti. Miguu yako iko frii kweli. Lakini gurudumu linaendelea kuzunguka juu ya habu yake, na beringi zilizo ndani ya habu zinafanya kazi kana kwamba unapiga pedeli kwa nguvu zote. Kama hazina grisi zitasagika, na kutulia kwa miguu yako hakutazisaidia.

Kwa hiyo nyutro haizuii mzunguko. Pigia hesabu uone ukubwa wake. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60, kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka karibu mara 880 kwa dakika. Kama difu ina uwiano wa 4 kwa 1, shafti ya giaboksi inazunguka zaidi ya mara 3,500 kwa dakika. Kwa saa moja ya safari ni mizunguko zaidi ya 200,000, na wenye mabasi husafiri saa sita au nane kwa siku.

Mzunguko peke yake si dhambi, kwa sababu giaboksi imeumbwa izunguke. Tatizo ni oili, na hapa ndipo otomatiki inapoachana na manyuo, yaani giaboksi ya kubadili gia kwa mkono.

Fikiria shamba la nyanya kando ya mto. Mto umejaa, lakini shamba liko juu kidogo, na maji yanapandishwa na mashine ya petroli. Mashine ikiwaka, kila tuta linapata maji. Ukiizima, mto utabaki umejaa vilevile na nyanya zitanyauka huku zikiyaona maji. Giaboksi ya otomatiki iko hivyo. Oili imekaa kwenye sampu, chini, na kwa makusudi haijazwi hadi kufikia sehemu zinazozunguka, maana zikiichapa kwa kasi itatoa povu na kupoteza nguvu. Anayeipandisha juu ni pampu, ambayo huisukuma ipite kwenye vijia vyembamba hadi kila beringi, kila bushi na kila gia. Pampu hiyo inazungushwa na toko konvata, kiungo cha oili kinachopokea nguvu ya injini kuiingiza kwenye giaboksi, na toko konvata imefungwa kwenye injini. Haifungwi kwenye magurudumu.

Ukizima injini umezima mashine ya shamba. Mtu akichomoa kijiti cha kupimia ataona oili ipo na ni safi, aape kwamba giaboksi ina afya. Na ni kweli oili ipo, ila iko mtoni. Kule juu gia ndogo zinazozungukia gia ya kati zinapiga mbio kwenye pini zao. Sahani za klachi, ambazo nafasi kati yake ni nyembamba sana, zinapishana zikiwa zimebakiwa na utando wa oili ya jana. Utando huo ukiisha, chuma kinagusa chuma. Na oili ndiyo iliyokuwa ikibeba joto kulitoa humo, kwa hiyo joto nalo linabaki.

Dereva wa basi hasikii lolote. Anaendesha tani kumi na kitu, injini inanguruma mita chache mbele ya kigari cha tani moja na nusu. Gari dogo likianza kuwa zito, basi halitambui. Hata tairi la chura likipasuka dereva anaweza kwenda nalo mbali, na ndiyo maana wengi hufunga kamera nyuma. Nimewahi kusikia mtu akisema alivuta gari la otomatiki kilomita 200 na halikudhurika. Huenda alibahatika, au huenda bushi zilikwanguka kidogo na giaboksi itakufa miezi sita baadaye bila yeyote kuikumbuka safari ile. Ushuhuda wa safari moja hauthibitishi kitu hapa.

Manyuo je? Kwa kawaida haina pampu. Humo oili hufika juu kwa njia ya kurushwa. Umewahi kusimama kando ya barabara msimu wa masika, gari likapita kwenye dimbwi? Tairi linazama kidogo kwenye maji na matope yanakufikia hadi shingoni. Gia kubwa ndani ya giaboksi ya manyuo hufanya vivyo hivyo: sehemu yake ya chini imezama kwenye oili, ikizunguka inawarushia wenzake. Kwenye gari dogo la kuvuta mbele, gia ya difu imo ndani ya boksi hilohilo na inazungushwa na magurudumu. Likivutwa, magurudumu yanazunguka, gia inarusha oili, kila kitu kinalowa. Ndiyo maana vigari vya manyuo vya kuvuta mbele vimekuwa vyura wazuri kwa miaka mingi.

Ila usikimbilie kusema manyuo yote ni salama, na hili nalo nilikuwa nimelikosea. Kwenye baadhi ya magari ya kusukuma nyuma, gia zinazochovya oili zimefungwa kwenye shafti ya chini, na shafti hiyo inazungushwa na upande wa injini. Ukiweka nyutro ukazima injini, shafti ya chini inasimama, na shafti ya juu inazungushwa na propela bila mtu wa kuirushia oili. Dimbwi lipo, lakini gari la kupita juu yake limeegeshwa.

Wala usiseme otomatiki zote hazifai. Honda kwa miaka mingi ilijenga giaboksi za otomatiki zenye shafti zilizolala sambamba, kama za manyuo, na kitabu cha CR-V za soko la Marekani kiliruhusu ivutwe magurudumu yote yakiwa chini, kwa masharti: washa injini, pitisha gia kwa mpangilio waliouandika, maliza kwenye nyutro, iache ingurume dakika tatu ndipo uzime, na usizidi kilomita 105 hivi kwa saa. Safari ikizidi saa nane, rudia. Kwa maneno mengine, unamwagilia shamba kabla ya kuondoka. Mwaka 2015 CR-V ikaingia na giaboksi ya CVT, ile isiyo na ngazi za gia, na ruhusa hiyo ikaondoka.

Gari ninalolipenda zaidi katika habari hii ni Jeep Wrangler. Maelekezo yake ukiyasoma haraka utadhani yamekosewa: kabla ya kulivuta, giaboksi ya otomatiki unaiweka P. Ndiyo, P ya kuegesha, kisha gari linavutwa kilomita 100 kwa saa. Siri ni kwamba Wrangler ni fowili yenye transfa, boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na transfa hiyo ina nyutro yake yenyewe. Wengi mmeona kitu kama hicho kwenye Land Cruiser za zamani, kigia cha pembeni chenye H2, H4, N na L4. Transfa imekaa baada ya giaboksi, kwa hiyo ukiweka N ya transfa, mkato unahamia karibu zaidi na magurudumu na giaboksi nzima inabaki upande wa pili. Hapo ndipo imelala kweli, kama nilivyokuwa nikidhani zamani. P ni ya kuhakikisha haizunguki hata kidogo. Na transfa yenyewe inayoendelea kuzunguka? Ile ya NP231, iliyofungwa kwenye Wrangler nyingi za miaka ya 1990, ina pampu yake ndogo inayozungushwa na shafti ya kutokea, yaani na magurudumu. Gari likivutwa linajimwagilia lenyewe.

Wazo la pampu ya upande wa magurudumu si geni. Otomatiki za kwanza za GM, zile za Hydra-Matic zilizoanza na magari ya mwaka 1940, zilikuwa na pampu mbili, moja ya injini na moja ya shafti ya kutokea. Faida yake ilikuwa kubwa: betri ikifa, gari la otomatiki liliweza kuwashwa kwa kusukumwa. Miaka ya 1960 watengenezaji wa Marekani wakaanza kuiondoa pampu ya pili, na tangu hapo kusukuma otomatiki iwake kumekuwa kujichosha bure.

Na usukani, nani anaushika? Hashiki mtu. Magurudumu ya mbele ya gari yameinamishwa kidogo kiasi kwamba mahali yanapogusa lami pako nyuma ya mstari yanapogeukia, kama vigurudumu vya kitoroli cha dukani. Ukivuta mbele yanajipanga yenyewe kufuata vyuma viwili vya kuvutia, vilivyoungana kwa umbo la herufi A. Ukirudi rivasi, yanafanya kinyume: yanapinduka yote upande mmoja na gari linaburuzwa kimshazari. Kwa hiyo dereva wa basi lenye chura harudi nyuma. Akiingia njia isiyo na kigeukio, anashuka na kumfungua kwanza. Breki nazo zinahitaji mpango wake, kwani basi likisimama ghafla chura analisukuma kwa nyuma, ndiyo maana hufungwa kifaa kinachokanyaga breki za gari dogo pamoja na za basi.

Kwetu mabasi ya namna hiyo si mengi, lakini kamba ya kuvutia iko kwenye buti la kila gari la pili, na magari yetu mengi siku hizi ni otomatiki. Vitabu vya magari kadhaa ya Ulaya, Volkswagen na Mercedes yakiwemo, huweka mpaka wa kilomita 50, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa; vingine vinaruhusu pungufu ya hapo, na vingine vinakataza kabisa. Mpaka huo ni wa utando wa oili uliobaki kwenye beringi. Gari la kuvuta mbele lisilo fowili likinyanyuliwa pua na breki dauni linakwenda salama, maana magurudumu ya nyuma hayana giaboksi ya kuzungusha. La fowili ya muda wote, ukinyanyua pua peke yake, magurudumu ya nyuma yataendelea kuizungusha shafti ileile. Hilo lipakiwe lote juu ya jukwaa.