Somo la hiari siyo somo la ziada

Jumapili nilikuwa kwenye daladala natoka Mikindani kuja mjini, siti ya nyuma yangu mjomba mmoja anamshauri mpwa wake anayeingia fom three, anamwambia hilo Buku Kipingi (somo la kutunza hesabu za biashara) achana nalo, hilo somo la hiari tu, wewe komaa na masomo yenyewe. Mtoto anaitikia "sawa mjomba", na huku kwetu Mtwara mnajua neno la mjomba likishatoka limetoka, hata baba hapindui. Nimeshuka roho inaniuma maana mwezi huu ni mara ya tatu nasikia kitu hichohicho. Mara ya kwanza mama mmoja sokoni, mara ya pili mwalimu, mwalimu kabisa, anasema Kompyuta ni ya hiari kwa hiyo asiyekuja kipindini yeye hamfuati.

Somo la hiari ni somo ambalo mwanafunzi analichagua katika yale yanayofundishwa shuleni kwake, tofauti na la lazima ambalo kila mmoja analisoma apende asipende. Maana yake ni hiyo tu. Hakuna mahali inasema ni somo dogo, wala kwamba ukishalichukua unaweza kuingia darasani siku unayojisikia.

Nadhani shida imeanzia kwenye neno lenyewe. Hiari tumeizoea kwenye "kazi ya hiari", "mchango wa hiari", yaani ukitoa sawa usipotoa sawa, hakuna wa kukuuliza. Sasa mtu akisikia "somo la hiari" anabeba maana hiyohiyo anaipeleka darasani. Lakini hiari imetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kuchagua, na mzizi wake ni uleule uliotupa neno heri, la kumtakia mtu heri au kusema heri hiki kuliko kile. Hata jina Mukhtari linatoka humohumo, maana yake aliyechaguliwa. Kwa hiyo ndani ya hiari kuna kuchagua na kuna wema, unaangalia vilivyopo unachukua kile unachoona kina heri kwako. Mbona sisi tunalijua jambo hili vizuri tu, msimu wa korosho ukifika watu wanaanika halafu wanakaa kuchambua, nzuri huku, mbovu kule, na zile zilizochaguliwa hakuna anayeziita za ziada, hizo ndo zinapelekwa ghalani kama daraja la kwanza.

Lazima nayo ni ya Kiarabu, asili yake kushikamana na kitu kisikuachie. Na ziada ni ndugu wa kuzidi na zaidi, kilichopita kipimo, ile nyongeza muuzaji anakutupia juu ya fungu la dagaa. Mtu anaposema Buku Kipingi ni ya hiari akimaanisha ni nyongeza, amechukua maana ya ziada ameibandika kwenye hiari, na kosa hilo linaonekana dogo mpaka siku ya matokeo.

Kwa sababu kwenye matokeo ya fom foo hakuna safu ya hiari na safu ya lazima. Divisheni, yaani daraja la ufaulu ambalo pointi chache ndo bora, inapigwa kwa masomo saba ambayo mtoto kafanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, basi, haiulizwi hili ulilazimishwa au ulichagua. Chukua mtoto mwenye jumla ya pointi 23, hiyo ni divisheni three, na ndani ya hizo kuna D ya Buku Kipingi kwa sababu nyumbani waliambizana ni la hiari tu. Angeipatia B angekuwa na 21, na 21 ni divisheni two. Somo moja, lile ambalo mjomba alisema aachane nalo.

Halafu kuna kwenda fom five. Kuna kombi ya masomo inaitwa ECA, ni Uchumi, Komasi (biashara) na Uhasibu, na msingi wa hayo mawili ya mwisho ni Komasi na Buku Kipingi za fom wani mpaka fom foo, ambazo kwenye mtaala wa zamani zote mbili ni za hiari. Maana yake kilichokuwa hiari chini, juu kinakuwa lazima. Na mtoto wa hapa akitaka uhasibu hahitaji hata kuhama mkoa, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi hapahapa Mtwara, ila hawezi kufika huko kama alizuiwa mlangoni na neno moja.

Kuna jambo jingine limewachanganya watu na siwalaumu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umegawa sekondari mikondo miwili, elimu ya jumla na amali, yaani ya ufundi, na kwenye mkondo wa jumla Elimu ya Biashara sasa ni somo la lazima. Sayansi ya Kompyuta ndo iko kwenye hiari. Kwa hiyo ukisema "masomo ya biashara ni ya hiari" kama tulivyozoea zamani, kwa mtoto aliyeingia fom wani kuanzia mwaka huo umekosea hata kabla hatujafika kwenye maana ya neno. Na Kompyuta nayo kuwa hiari hakuifanyi kuwa somo la kuchapa barua na kufungua intaneti, kuna kupanga hatua za kutatua tatizo na kuandika programu, ni kazi ya kichwa kama hesabu.

Kitu ambacho mimi kinanisumbua zaidi, na hiki hakisemwi, ni kwamba hiari inahitaji kuwe na vya kuchagua. Shule isiyo na mwalimu wa Kompyuta wala mashine, mtoto wake hajachagua kuiacha Kompyuta, hakupewa. Huyo usimwambie alikuwa na hiari. Ila yule mtoto wa kwenye daladala shule yake ina mwalimu wa Buku Kipingi, nilimsikia akimtaja, na alikuwa anamtaja kwa furaha.

Mjomba wangu, pengine utayasoma haya, na najua ulikuwa unamtakia mpwa wako mema. Neno ulilotumia ni sahihi, Buku Kipingi kweli ni la hiari. Naomba uondoe hiyo "tu" ya mwisho. Na kabla shule hazijafunguliwa mkalishe umuulize amechagua yapi na kwa nini, halafu umsikilize mpaka amalize.