Saiklokrosi ni mbio gani hizo mtu anabeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye?

Mpwa wangu yuko pale Isevya, Tabora mjini, juzi kanitumia kavideo watu wamejaa tope mpaka kwenye kope, baiskeli begani, wanapandisha kilima mbio, chini kaandika "mjomba hawa zimewaharibikia au?"

Hazijaharibika mpwa. Hiyo ndo saiklokrosi. Ni mbio za baiskeli za kwenye majani, tope na mchanga, mnazunguka eneo moja tu, mzunguko mmoja kama kilometa 2 na nusu mpaka 3 na nusu, na humo ndani wenye shughuli wanaweka makusudi vitu vya kukushusha kwenye kiti. Kuna mbao zimesimamishwa katikati ya njia, mwisho sentimita 40 kwenda juu, kuna ngazi, kuna kilima kinachoteleza balaa. Ukifika hapo unaruka chini, unaipiga begani, unakimbia, ukivuka unadandia tena unaendelea kukanyaga.

Sasa mtu wa Tabora hili halimsumbui kichwa. We nenda mbugani upande wa Uyui mwezi wa 12 mvua ikishapiga siku mbili uone. Ule udongo mweusi unashika tairi, unapanda, unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa, unashuka unatafuta kijiti unachokonoa, hatua kumi limejaa tena, mwisho wa siku unaikamata fremu unaibeba na viatu umeshika mkononi. Hiyo ni saiklokrosi tayari, ila wenzetu wanalipa kiingilio ili wateseke hivyo, na wanafanya msimu wa baridi, yaani kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 2 huko, tope lenyewe la barafu!

Ilianzia Ufaransa. Mwanajeshi mmoja Daniel Gousseau aliandaa mbio za kwanza za ubingwa wa taifa mwaka 1902, na waendesha baiskeli wa barabarani wakaipenda kwa sababu iliwaweka fiti wakati wa baridi. Ubingwa wa dunia ulianza 1950 pale Paris, akabeba Jean Robic, yule yule aliyeshinda Tour de France, zile mbio kubwa za barabarani za kuzunguka Ufaransa, ya 1947. Siku hizi ukitaja mchezo huu unataja Ubelgiji na Uholanzi, wengine wanasindikiza.

Lakini kwenye ile video sio mabingwa, ni watu wa ridhaa, yaani mwalimu, fundi bomba, mama wa watoto watatu, wana kazi zao wikiendi wanakuja kuchafuka. Mabingwa wanaume wanakwenda kama saa nzima, hawa wa ridhaa dakika 30 mpaka 45 hivi, usione ndogo, ni kukimbiza moyo mwanzo mwisho hamna pa kupumzika. Wengi hata chupa ya maji hawabebi maana inawasumbua wakiweka fremu begani. Bingwa akijaa tope anaingia sehemu maalumu anachukua baiskeli nyingine safi, ya kwanza inabaki inaoshwa na pampu, wa ridhaa mwenye baiskeli yake moja anachokonoa kwa kidole kama sisi tu. Na Marekani kuna watazamaji wanasimama kwenye kilima wanamnyooshea mshindani kopo la bia au noti ya dola, mtu anapokea huku anahema, mi hapo ndo niliupenda mchezo wenyewe.

Kitu kingine kitamshangaza fundi wako wa baiskeli ni upepo. Sisi tunajaza tairi mpaka liwe kama jiwe kwa sababu kuna gunia la mkaa nyuma, wao wanaacha laini, likibonyezwa linabonyea, ili lishike kwenye tope. Na tairi lenyewe kwenye mashindano makubwa haliruhusiwi kuzidi milimita 33 upana.

Kuipanda tena ndo mtihani. Sisi tunaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, tunasukuma sukuma na wa kulia, halafu tunazungusha. Wao hawana muda huo, anaruka huku anakimbia anatua kwenye kiti kwa paja la ndani, mgeni wa mchezo utamjua, anadunda mara mbili tatu kabla hajakaa vizuri (wanaume mtanielewa kwa nini wanaogopa).

Basi mpwa kasema nimwoneshe. Nikachukua Phoenix yangu ile ya chuma tupu, na karia lake, za wenzetu zina kilo 8 mpaka 10 tu kumbuka, nikaingiza mkono kwenye fremu nikaipiga begani, hatua ya tatu gurudumu la mbele likageuka lenyewe likanichapa sikio, pedeli ikanichimba mbavu. Sasa hivi kavideo kako kwenye grupu la ukoo, shangazi yake anauliza mjomba zimemharibikia au.