"Uwezo wa abiria 262": uwezo wa nani?

Mpwa wangu ana gemu kwenye simu, anaendesha shirika la ndege. Ananunua ndege, anazipangia safari, anapata hasara, ananuna. Juzi alinijia na kesi: "Mjomba, hawa jamaa wa gemu wamekosea. Dreamliner yetu inabeba 262, wao wameandika 381. Nimewaandikia warekebishe."

Simlaumu sana. Tangu Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania (ATCL), aina ya Boeing 787-8, ilipotua Dar Julai 2018, kila taarifa ya habari imekuwa na kibwagizo kimoja: "yenye uwezo wa kubeba abiria 262". Mtoto akisikia hivyo miaka na miaka, ataamini Boeing ndivyo walivyoiumba.

Maana yenyewe haina marefu. Idadi ya viti ni viti ambavyo shirika limefunga humo ndani. Ukomo wa abiria ni idadi ya juu kabisa ambayo mamlaka za usalama wa anga zimeiruhusu kwa aina hiyo ya ndege, iwe imefikiwa au haijafikiwa. Katikati yake kuna namba ya mtengenezaji, ya kwenye brosha, inayoonyesha mpangilio wa kawaida tu. Kwa 787-8 ukomo ni 381, na brosha ya Boeing kwa muda mrefu ilisema 242 kwa madaraja mawili. Kenya Airways wamefunga viti 234, ATCL 262, na shirika la ANA la Japani lina za safari za ndani zenye viti 335. Ni ndege ileile.

Linalonikera ni hilo neno "uwezo". Limetoka kwenye kuweza, na ukisema ndege ina uwezo wa abiria 262, umesema huyo wa 263 angeishinda. Haimshindi. Hana pa kukaa, basi. Wakati neno zuri tunalo, nafasi, na asili yake inafaa kabisa: kwa Kiarabu nafas ni pumzi, kwa hiyo mwenye nafasi ni mwenye pa kuvutia pumzi. Hicho ndicho shirika linachouza. Aliye mbele, mwenye kiti kinacholala kikawa kitanda, kanunua pumzi nyingi. Aliye nyuma, magoti yamegusa kiti cha mbele, kanunua kidogo.

Uwezo wa kweli ni habari ya uzito. Mei 1991, Israeli walipokuwa wakiwahamisha Wayahudi wa Ethiopia kutoka Addis Ababa, Boeing 747 moja iliruka na watu zaidi ya 1,000. Huo ndio uwezo, tena wa siku ya dharura. Upande wa pili kuna Nairobi: uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege ya safari ndefu iliyojaa mafuta inaweza kulazimika kuacha mzigo au watu ili ipae salama. Hapo viti vipo na uwezo haupo. Ukitumia neno moja kwa mambo yote mawili, utasemaje siku hiyo?

Ajabu ni kwamba kwenye daladala hatukosei. Konda anajua levo siti ni nini, anajua namba iliyoandikwa ubavuni, na anajua gari "linaweza" ngapi saa kumi na mbili jioni. Ni namba tatu, na hajawahi kuzichanganya. Wakenya nao, kanuni za usafiri za waziri Michuki zilipoanza mwaka 2004, matatu iliyokuwa ikipakia 18 ikatakiwa kubeba 14. Gari lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni sheria.

Sasa hiyo 381 inatoka wapi? Milangoni. Sheria inataka watu wote waliomo watoke ndani ya sekunde 90 huku nusu tu ya milango ikitumika. Airbus walipoijaribu ndege yao ya ghorofa mbili, A380, kule Hamburg Machi 2006, waliwapakia watu 853 pamoja na marubani na wahudumu 20, wakazima taa, wakafungua milango 8 kati ya 16 bila kuwaambia ni ipi. Walimalizika kutoka kwa sekunde 78, mmoja akiwa amevunjika mguu. Ndiyo maana ukomo wa A380 ni 853, ingawa hakuna shirika lililowahi kuifunga viti hivyo. Emirates, waliobana kuliko wengine, waliishia 615. Na Boeing 737-800 ukomo wake ni 189. Shirika la Ryanair walipotaka viti 197 kwenye 737 MAX, Boeing haikuongeza viti tu. Iliongeza mlango wa dharura kila upande.

Kwa hiyo gemu halikukosea. Linakupa ukomo, halafu linakuachia wewe ugawe. Katika gemu la mpwa wangu kiti cha daraja la kawaida kinakula nafasi moja, cha biashara mbili, cha daraja la kwanza tatu. Tulikaa tukapiga hesabu kwa kalamu. ATCL wana viti 22 vya biashara na 240 vya kawaida: 44 jumlisha 240, unapata 284. Kenya Airways wana 30 na 204: 264. Zote zinaingia kwenye 381 na chenji inabaki.

Ukitaka kulilaumu gemu, lilaumu hapo kwenye mbili ya kiti cha biashara. Wakenya wana viti vinane zaidi vya biashara na pungufu 36 vya kawaida, na 36 gawa kwa nane ni nne na nusu. Hesabu hiyo ni ya juujuu, maana jiko na vyoo navyo vinakula sakafu, na kila shirika linapanga safu zake kivyake. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kiti kinacholala kikawa kitanda hakiwezi kuwa sawa na viti viwili vya kawaida. Ndiyo maana mchezaji anaona amebakiwa na nafasi ambazo shirika la kweli halina, halafu anadhani ukomo ndio uliotiwa chumvi.

Nilimwambia ile barua aiandike upya, aulizie hiyo mbili na 381 aiache. Na pale alipoandika "Dreamliner inabeba 262", aandike "ATCL wamefunga viti 262".

"Na ya Kenya, mjomba?"

"Hiyohiyo. Wenzetu wamefunga 234."