Je, wajua kwa nini Karolo Mkuu, yaani Charlemagne, hakuwaoza binti zake?

Msafara wa Charlemagne ulipokuwa njiani, kila mtu alikuwa na nafasi yake. Wana wa kiume walipanda farasi ubavuni mwa baba. Mabinti walifuata nyuma, na nyuma yao kabisa wakaja walinzi waliowekwa kwa kazi hiyo moja. Mezani vilevile: mfalme akiwa nyumbani, hakula bila watoto wake kuwapo. Habari hizi tumeachiwa na Einhard, aliyeishi naye katika kasri la Aachen, naye ndiye aliyeandika jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Mabinti walikuwa wazuri sana, baba aliwapenda mno, lakini hakumwoza hata mmoja, si kwa mtu wa kwao wala kwa mgeni. Alisema hawezi kuishi bila wao.

Vitabu vya Kiswahili humwita Karolo Mkuu. Alikuwa mfalme wa Wafranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa na Ujerumani za leo, kuanzia 768 hadi alipofariki tarehe 28 Januari 814, na siku ya Krismasi mwaka 800 Papa Leo III alimvika taji la kaisari mjini Roma. Mtu wa hadhi hiyo hakosi waposaji. Binti watano waliozaliwa na wake zake wa ndoa walifikia utu uzima, na bado alikuwa na wengine aliozaa na masuria. Kwa nini basi wote wakae kwa baba?

Jibu la Einhard, kwamba ni mapenzi ya mzazi, silitupi, ila halitoshi. Baba huyohuyo, mwaka 781, alikubali posa ya binti yake Rotrude, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Mposaji alikuwa Konstantino VI, kaisari mtoto wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, ambaye mama yake Irene ndiye aliyekuwa akitawala kwa niaba yake. Towashi aitwaye Elissaeus aliachwa kwa Wafranki amfundishe bibi harusi mtarajiwa Kigiriki na desturi za kule. Miaka michache baadaye uchumba ukavunjika kwa sababu za kisiasa. Kwa hiyo si kwamba hakuweza kabisa kuachana na binti. Aliweza, kama mkwe alikuwa mbali na wajukuu wangezaliwa Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, ng'ambo ya bahari.

Mkwe wa karibu ndiye aliyemtisha, na hofu hiyo ilitoka ndani ya ukoo wake mwenyewe.

Ukoo huo ulikuwa mgeni kwenye kiti. Babu yake, Charles Martel, yule aliyepigana na jeshi la Waislamu karibu na Poitiers mwaka 732, hakuwahi kuvaa taji. Alikuwa mkuu wa kasri: amri zote mkononi mwake, na mfalme wa ukoo wa Merovingi amekaa tu kama pambo. Mwanawe, Pippin Mfupi, baba wa Charlemagne, ndiye aliyemaliza mchezo huo. Mwaka 751 alimwondoa Childeric III, akamnyoa zile nywele ndefu zilizokuwa alama ya ufalme wao, akamfungia utawani. Charlemagne alipoanza kutawala, ufalme wa familia yao ulikuwa na umri wa miaka 17 tu.

Sasa njoo kwa shangazi. Pippin alikuwa na dada aliyeitwa Hiltrud. Baba yao Martel alipofariki mwaka 741, Hiltrud alivuka mto Rhine kwa siri, akaenda Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, kuolewa na mtawala wa huko, Odilo, bila ridhaa ya kaka zake. Akazaa mtoto wa kiume, Tassilo. Mtoto huyo akakua na vitu viwili ambavyo havifai kukaa pamoja mwilini mwa jirani yako: nchi yake mwenyewe na damu ya Charles Martel. Charlemagne alihangaika naye kwa miaka. Hatimaye, mwaka 788, Tassilo alishtakiwa mkutanoni Ingelheim, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa akapelekwa utawani. Hata huko hakuachwa. Mwaka 794 alitolewa, akasimamishwa mbele ya mkutano Frankfurt, akane tena haki zote za kwake na za watoto wake. Huo ndio uliokuwa mwisho wa ndoa moja ya binti wa ukoo.

Ongeza na desturi ya Wafranki ya kugawa ufalme kati ya wana, kama shamba la urithi. Charlemagne mwenyewe alianza kwa kugawana na mdogo wake Carloman, na mgao ule ulikwisha tu kwa sababu Carloman alifariki mwaka 771. Alikuwa tayari na wana wa kutosha wa kugawana. Kila mkwe angeleta wadai wengine.

Ndiyo maana Offa, mfalme wa Mercia huko Uingereza, alipogusa jambo hili karibu mwaka 790, mambo yaliharibika. Charlemagne alimtaka binti wa Offa kwa ajili ya mwanawe Charles. Offa akajibu: sawa, lakini nawe mpe mwanangu Ecgfrith binti yako Bertha. Sisi tungeona ni haki bin haki. Charlemagne alikasirika hadi akawafungia wafanyabiashara Waingereza bandari zake. Watu wakakosa riziki kwa sababu ya posa.

Mabinti, nao, hawakukaa kama watawa. Rotrude alizaa mtoto na Rorgon, kabaila wa Maine, eneo la Ufaransa ya leo. Mtoto huyo, Louis, baadaye akawa abati, yaani mkuu wa watawa, wa Saint-Denis. Bertha aliishi na Angilbert, mshairi wa kasri, wakapata watoto wawili wa kiume. Baba alijifanya haoni wala hasikii. Kwangu hapa ndipo hesabu yake inaonekana wazi: mjukuu wa nje ya ndoa angeweza kupendwa, kusomeshwa na kupewa cheo bila kudai taji.

Mwaka 806, alipoandika jinsi ufalme utakavyogawanywa, aliweka humo kifungu cha mabinti. Baba akifa, kila mmoja achague kaka wa kukaa chini ya ulinzi wake, au aende utawani. Na akitokea mtu wa kufaa kumposa, naye akaridhika, kaka wasimnyime. Alichowakatalia maisha yake yote akawaruhusu baada ya kifo chake. Rotrude hakukiona kifungu hicho kikitumika, maana alitangulia kufariki mwaka 810. Waliobaki walikutana na kaka yao Louis, mrithi wa taji, aliyeingia Aachen mwaka 814 akawatoa kasrini, kwa kuwa maisha yao yalimkera.

Waliokuja kuipasua dola hawakutoka kwa mabinti. Walikuwa watoto wa Louis huyo, waliopigana wao kwa wao hadi wakagawana kwa mkataba wa Verdun mwaka 843. Mwaka mmoja kabla, wawili kati yao waliapa mjini Strasbourg kushirikiana dhidi ya kaka yao Lothar, na maneno ya kiapo hicho ndiyo maandishi ya kale kuliko yote ya lugha iliyozaa Kifaransa. Aliyeyahifadhi neno kwa neno ni Nithard, mwanajeshi na mwandishi. Katika kitabu hichohicho anamtaja mama yake: Bertha, binti wa mfalme mkuu.